Sura ya Saba: Bibi Hakunyamaza

Gari la kupeleka washtakiwa mahakamani lilikuwa linaondoka saa nane mchana, na Fundi alishawekewa nafasi ndani yake. Mkuu wa kituo alikuwa ameshatia sahihi. Alipomwona Inspekta anaingia ofisini asubuhi ile akiwa bado amelikumbatia faili, alishusha miwani puani.

"Kesi imeshaiva, Inspekta. Wewe bado unapuliza moto wa nini?"

"Imeiva juu tu, afande. Ndani mbichi."

"Basi una mpaka saa nane. Ikibaki mbichi, hakimu ataimalizia."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Usiku wa Jumamosi mtambo wa baridi katika bohari ya chanjo ulizimika. Mitambo huzimika, si ajabu, na ndiyo maana bohari ilikuwa na king'ora chake: seva moja kuukuu iliyopima joto la vyumba vya baridi na kutuma ujumbe kwenye simu ya Fundi, mtunzaji wa seva hiyo, kila joto lilipopanda. Usiku ule ujumbe haukuja. Fundi alilala usingizi wake, chanjo zikaharibika zote, na Jumatatu akina mama waliojipanga kliniki na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Wa kulaumiwa alipatikana haraka mno. Mtaalamu, kijana wa kampuni iliyoletwa kukagua kompyuta za bohari, aliripoti kwamba amekuta ndani ya akaunti ya Fundi skripti iliyoitwa "kimya". Skripti ni maagizo mafupi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza, na maagizo ya hii yalikuwa kukinyamazisha king'ora. Seva ilikuwa imepangiwa kuiendesha Jumamosi saa mbili usiku. Sababu nayo haikukosekana. Mwezi uliotangulia Fundi aligombana na Meneja wa bohari mbele ya wafanyakazi wote, akasema wakileta wageni wa kuichezea seva yake, litakalotokea wasimuulize yeye.

Hilo "wasiniulize" ndilo lililomkaanga. Inspekta alikuwa amelirudia mara nyingi, na kila mara akili yake iligoma palepale. Mtu amekitunza king'ora kwa mikono yake. Akitaka kukiua, akiue kwa jina lake mwenyewe, kisha aache kisu mezani ili mgeni aje akiokote? Inspekta alishawahi kukutana na wahalifu wajinga, lakini ujinga nao una kiwango.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa dada yake Fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, na mapajani ameweka shati jeupe lililopigwa pasi.

"Inspekta, hili la mdogo wangu," alisema akilinyoosha. "Kama ni kufungwa, afungwe akiwa nadhifu. Mama yetu alituacha huyu hajaota hata meno. Nimemlea mimi. Namjua anavyodanganya, na safari hii hadanganyi."

"Anavyodanganya anafanyaje?"

"Anakuangalia usoni. Akisema kweli, anaangalia chini kama mtu aliyepoteza sindano."

Inspekta hakuandika hilo popote, lakini alipoingia chumba cha mahojiano alilibeba.

Chumba kilikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, umewekewa kipande cha boksi chini, na dirisha lililogoma kufunguka tangu lilipopakwa rangi. Fundi alikuwa ameinamia meza. Swali la kwanza aliuliza yeye.

"Afande, Bibi yukoje?"

"Bibi yupi?"

"Seva. Ilianza kazi kabla yangu. Bohari nzima inaiita Bibi."

"Bibi mzima. Mgonjwa ni wewe." Inspekta aliiweka mezani simu ya Fundi, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni wa vielelezo. "Jumamosi asubuhi ulipokea ujumbe kutoka kwake: 'Bibi mzima.' Usiku wake akawa bubu. Katikati hapo palitokea nini?"

"Sijui, Afande. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia."

"Seva unaiamkia vipi?"

Fundi alitabasamu kidogo kwa aibu. "Ni utaratibu wetu. Nilifundishwa na fundi aliyenitangulia. Ukifika kazini, kabla hujagusa chai, unaingia ndani ya Bibi, unakiendesha king'ora kwa mkono wako mara moja. Kikiwa salama kinatuma ujumbe. Ukiupata, siku imeanza. Sijawahi kuruka hata siku moja."

"Unajua salamu yako ndiyo inayokumaliza?" Inspekta alivuta kiti. "Asubuhi king'ora kizima, na shahidi ni wewe. Usiku kimekufa. Kwa hiyo yupo aliyekiua mchana wa siku hiyo, na aliyeingia siku hiyo ni wewe peke yako."

"Najua."

"Ungeweza kuniambia asubuhi hakikuitika."

"Kiliitika, Afande. Nitasemaje hakikuitika?" Alikuwa anaangalia sakafu.

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta, na hakuona sababu ya kuficha kwamba limempendeza. Alisukuma kikombe chake cha chai upande wa Fundi.

"Ugomvi wako na Meneja ulikuwa wa nini hasa?"

"Wa mkalimani."

"Kulikuwa na mgeni asiyejua lugha?"

"Hapana, mkalimani wa skripti." Fundi alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata uzima. "Skripti ni maandishi tu, haijiendeshi. Inataka programu ya kuyasoma maandishi na kuiambia mashine fanya hivi, fanya vile. Hiyo tunaiita mkalimani. Wetu ni Python. Bibi anaendeshwa na mfumo wa zamani wa Linux, na Python aliyozaliwa nayo imeshastaafishwa. Walioitengeneza hawairekebishi tena, ikitoboka hakuna wa kuiziba. Sasa huwezi kumng'oa mzee siku moja, kazi zote zinamtegemea. Nikamjengea Bibi Python mpya, nikaiweka folda ya pembeni, ya zamani nikaiacha mahali pake. Nilitaka kuzihamisha kazi moja moja."

"Wawili wanakaaje nyumba moja bila kugombana?"

"Hawaonani. Mtu akiingia kwenye Bibi, mfumo unampa orodha ya folda za kutafutia zana, na humo anakutana na mpya kwanza. Kuna ratiba pia, ile inayoamsha kazi zenyewe usiku na mchana bila mtu. Ratiba orodha yake ni fupi, inamjua wa zamani tu. Ndiyo maana nilimwomba Meneja: huyo mzee asiguswe mpaka nimalize. Yeye akasema Mtaalamu ameleta ripoti imejaa alama nyekundu, na wakubwa wanataka kijani. Nikapandisha hasira. Hapo nilikosea."

"Aligusa?"

"Alisema ameandika ripoti tu. Na mimi nilimwamkia Bibi kila asubuhi, akaitikia. Nikatulia."

Inspekta aliiokota simu, akatoka. Saa ya ukutani pale mapokezi ilikuwa inakwenda vizuri kupita kawaida yake. Dada mtu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Bohari ilikuwa jengo refu lisilo na madirisha, na kwenye mlango wa chumba kikubwa cha baridi alisimama mtunza ghala, ambaye kila mtu alimwita Mama Barafu. Alivaa koti zito linalofika magotini, na shingoni alining'iniza kipimajoto. Tangu Jumapili alikuwa akipima joto mwenyewe na kulitangaza kwa sauti, hata kama hakuna wa kumsikia.

"Salama kabisa, nyuzi mbili na nusu!" alitangaza. "Karibu, Inspekta. Usiegemee mlango, ukifunguka utanifia humo ndani."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza habari za Fundi."

"Marahaba. Fundi gani, huyu mliyemfungia? Mkali huyo kama pilipili. Sisi tunapakia mzigo, mlango umeachwa wazi kidogo tu, mara simu hiyo: Mama Barafu, mlango! Hana hata salamu. Nikawa namuuliza, mwanangu, umeweka macho ukutani?"

"Mara ya mwisho alikupigia lini kuhusu mlango?"

Mama Barafu alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akakuna kichwa kupitia kofia. "Eh. Sasa umeniuliza. Ana muda hajanipigia. Wale wageni wa kompyuta walikuja kufanya usafi, sijui walisafisha nini, hata ufagio sikuuona. Baada ya hapo tukapokea mzigo mkubwa. Mlango wazi, wazi kabisa, mpaka mimi nikatokwa jasho ndani ya koti. Nikawa nasubiri nigombezwe. Kimya. Nikasema, haya, kijana kajifunza adabu."

"Wewe hukumuuliza?"

"Mtu akiacha kunigombeza nimfuate kumuuliza kwa nini? Inspekta, wewe umeolewa?"

Inspekta alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Aliitoa simu ya Fundi, akaipapasa skrini juu ya nailoni. Kituo kizima kiliangalia ujumbe wa Jumamosi na hakuna aliyepanda juu zaidi. Sasa alipanda. Salamu za asubuhi zilikuwepo, moja kila siku, "Bibi mzima", "Bibi mzima". Alipanda tena, akapita siku ya usafi, na hapo ukurasa ukabadilika sura. "Joto linapanda, chumba kikubwa." "Joto linapanda, chumba kidogo." Mchana, alfajiri, wakati wa kupakia, wakati wa kupakua. Yote hayo kabla ya usafi. Baada ya usafi hapakuwa na onyo hata moja, ingawa Mama Barafu alisimama kwenye mlango ulio wazi akitokwa jasho.

Bibi alikuwa anaitikia salamu, lakini alikuwa ameacha kuanzisha mazungumzo.

Kwa hiyo king'ora hakikufa Jumamosi. Kilikufa siku ya usafi, wiki kadhaa nyuma. Na kama kilikuwa kimeshakufa, hiyo "kimya" ya Jumamosi ilikuwa ya kumnyamazisha nani? Inspekta aliuona mlango mdogo kwenye kesi yake, akapiga simu kituoni na kutaka Fundi apewe mkonga.

"Nina swali moja, fikiri kabla hujajibu. Unapomwamkia Bibi asubuhi, unaingia wewe kama mtu. Anayeisoma skripti ya king'ora saa hiyo ni mkalimani yupi?"

Fundi alilirudia swali kwa sauti ya chini.

"Mpya, Afande."

"Na wa zamani akiondolewa, salamu itaitikiwa?"

"Itaitikiwa." Pumzi yake ilisikika. "Mungu wangu. Siku zote hizo nilikuwa namwamkia mtu mwingine."

"Utalia baadaye, kwa sasa niambie. Wa zamani akikosekana, ratiba ikiamsha king'ora, kinatokea nini?"

"Kinashindwa. Kazi ikienda salama ratiba haisemi kitu, lakini kazi ikishindwa inatoa malalamiko, na ratiba inayatuma kwa barua humohumo ndani ya Bibi. Nilikuwa nalifungua sanduku la barua kila siku, Afande. Lilikuwa tupu."

"Barua zinapelekwa na nani?"

"Kuna programu yake. Nayo ya zamani."

Inspekta alikata simu. Alimwomba Mama Barafu asitoke bohari, akapanda ngazi kwenda chumba cha seva.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimejaa mvumo wa feni. Bibi alikuwa chini kabisa ya kabati la chuma, boksi la kijivu lenye kibandiko kilichofifia na taa moja ya kijani. Meneja alikuwepo, mtu mrefu anayepangusa miwani kila akiwa na wasiwasi, na siku hiyo miwani yake iling'aa. Mtaalamu alikaa kwenye kibodi. Alikuwa na viatu vizuri na adabu nzuri zaidi.

"Karibu, Inspekta. Nilidhani tumeshamalizana."

"Karibu tunamalizana. Nakala kamili ya diski ya Bibi ilichukuliwa Jumatatu na iko kituoni chini ya lakiri, kwa hiyo usiogope kuharibu kitu. Meneja ni shahidi. Nataka uniendeshee hiyo 'kimya' niione kwa macho yangu."

Mtaalamu aligonga vitufe. "Ikifanya kazi inaweka faili dogo linaloitwa 'zima'. King'ora kikiliona faili hilo, hakitumi ujumbe wowote." Aligonga tena, na kwenye skrini neno hilo likatokea. "Hilo hapo."

"Uliijaribu hivi kabla ya kuandika ripoti?"

"Mara nyingi. Haikukosea hata mara moja."

"Lifute. Sasa, Jumamosi saa mbili usiku hapakuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti hicho. Ripoti yako inasema iliendeshwa na ratiba. Ipange kwenye ratiba, tuone ikijiendesha."

"Ni kitu kilekile, Inspekta."

"Basi haitakusumbua."

Aliipanga iamke dakika inayofuata. Walisubiri wote watatu wakitazama skrini. Dakika ilifika, ikapita. Mtaalamu alitafuta faili, halikuwepo. Alikunja uso, akasema labda amekosea kuandika, akaipanga upya, safari hii polepole, Meneja akimsomea kila herufi kutoka mgongoni. Dakika ikafika na kupita. Faili halikuwepo.

"Fungua kumbukumbu za ratiba," Inspekta alisema. "Ile sehemu inayoandika kila kazi iliyoamshwa."

Mistari ya mwisho ilikuwa ya jaribio lao. Kwanza seva iliandika kwamba imeiamsha "kimya". Chini yake, kwa Kiingereza chake kifupi, ikaandika kwamba kazi ilikuwa na la kusema, lakini hakuna mpeleka barua, maneno yake yametupwa.

"Maana yake nini?" Meneja aliuliza.

"Maana yake ilishindwa, ikalalamika, na malalamiko yakakosa pa kwenda. Mpeleka barua alikuwepo zamani. Nani alimwondoa?"

Mtaalamu alilamba midomo. "Vilikuwa vifurushi vya programu vilivyopitwa na wakati. Kwenye ripoti vyote vilikuwa vyekundu. Kazi niliyopewa ilikuwa kuifanya iwe kijani."

"Na Python ya zamani ilikuwa rangi gani?"

Mtaalamu alirudisha macho kwenye skrini.

"Uliniambia umeandika ripoti tu!" Meneja alisema. "Nilimwambia Fundi hivyo kwa mdomo wangu!"

"Kulikuwa na mpya, bosi. Nilijaribu kila kitu baada ya kuiondoa, na kila kitu kiliitika."

"Ulijaribu kwa mkono," Inspekta alisema. "Kama Fundi alivyoamkia kwa mkono. Ninyi wote wawili mlimuuliza Bibi hali mkiwa mmesimama mbele yake, na hamkuuliza anaishije mkishatoka. Panda juu kwenye hizo kumbukumbu. Endelea mpaka nikwambie simama."

Mistari ilipita. King'ora kimeamshwa, maneno yametupwa. King'ora kimeamshwa, maneno yametupwa. Kila baada ya dakika tano, mchana kutwa na usiku kucha, Ijumaa, Alhamisi, wiki ile, wiki iliyotangulia. Ilipofika siku ya usafi, malalamiko yalikoma ghafla, na juu yake ulikuwa mwenendo wa kawaida wa mashine iliyotulia. Meneja alivua miwani na safari hii hakuipangusa.

"Huyu hakunyamaza," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. "Alikuwa anapiga kelele tangu siku ile. Hata usiku wa Jumamosi, chanjo zikiharibika, alikuwa anapiga kelele. Sasa nirudishe Jumamosi saa mbili usiku."

Mtaalamu alishuka taratibu. Mstari ulikuwepo, kama ripoti yake ilivyosema: saa mbili kamili usiku, "kimya" imeamshwa.

"Nisomee mstari unaofuata."

"Ni... king'ora. Kimeamshwa."

"Na baada yake?"

"Maneno yametupwa."

"Hayo ni ya king'ora. Ya 'kimya' yako wapi?" Inspekta aliinama mpaka akawa sambamba na skrini. "Tangu siku ya usafi, kila kazi iliyomtaka mkalimani wa zamani imelia. Kila moja. Hii peke yake ikapita bila neno, maana yake ilifaulu. Ilifaulu na mkalimani yupi? Wewe mwenyewe umeshindwa kuiendesha sasa hivi, mara mbili, bosi wako akikusomea herufi."

"Labda Fundi alikuwa na njia yake..."

"Tufuate hiyo njia. Mstari huu haukuandikwa na ratiba, ni wa kubuni: mtu aliuandika kwa mkono, akijua kazi ikienda salama ratiba hainung'uniki, kwa hiyo hakuongeza kitu chini yake. Alikuwa ameijaribu 'kimya' na akaiona inafaulu. Kuandika kwenye kumbukumbu hizi kunataka neno la siri kuu. Meneja, Jumapili asubuhi neno hilo lilikuwa kwa nani?"

"Nilimnyang'anya Fundi akiwa bado anabeba maboksi ya chanjo zilizoharibika," Meneja alisema polepole. "Nikabadilisha. Jipya nilimpa huyu."

"Na mstari huu unampeleka Fundi jela. Angekuwa wa kwanza niliyemwona anajibambikia kesi mwenyewe."

Mtaalamu aliitazama taa ya kijani ya Bibi, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka magotini.

"Sikujua nimekosea wapi," alisema. "Naapa. Nililitafuta kosa Jumapili nzima. Kila nilipokiendesha king'ora kiliitika."

"Hukujua kosa liko wapi, lakini ulijua likitafutwa litakutwa kwako."

"Niliiga skripti ya Fundi, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, ifanane na mwandiko wake."

"Ikafanana mno. Ikamtafuta mkalimani yuleyule uliyemng'oa wewe." Inspekta alinyoosha mgongo. "Sogeza kiti. Usiguse kitu kingine, na usitoke chumba hiki."

Saa nane ilikuwa inakaribia. Alimpigia Mkuu wa kituo.

"Afande, Fundi yuko wapi?"

"Anavaa shati aliloletewa na dada yake, anapanda gari."

"Ashuke. Kesi nimeifungua na ndani yake hayumo. Meneja yuko hapa, ataongea nawe."

Meneja alichukua simu, akaongea. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya, lakini hakuacha kitu, wala hakuacha kutaja jinsi yeye mwenyewe alivyomdharau Fundi siku ya ugomvi. Aliporudisha simu, sauti iliyokuwa upande wa pili ilikuwa ya Fundi, na nyuma yake alisikika mwanamke akimuuliza askari nani amemruhusu kulikunja shati lile.

"Fundi, uko huru," Inspekta alisema. "Karatasi zitafuata. Lakini king'ora bado ni bubu, na siendi nyumbani kikiwa hivi. Naweka simu sauti ya juu. Kibodi anashika Meneja. Mwelekeze."

"Meneja mwenyewe?"

"Mwenyewe," Meneja alisema, akikaa. Alianza kugonga kwa kidole kimoja.

Kazi ilikuwa ndogo kupita hasara yake. Kwenye ratiba, mbele ya jina la skripti, Fundi alimsomea njia kamili ya kumfikia mkalimani mpya, folda kwa folda, ili ratiba isitafute tena kwenye orodha yake fupi. Meneja aliandika, akakosea, akafuta, akaandika. Fundi hakumharakisha. "Hapo," alisema mwishoni. "Hifadhi. Sasa msimwamkie. Mtu yeyote asimguse. Mwacheni ajiamshe."

Inspekta alitoka hadi juu ya ngazi. "Mama Barafu! Fungua mlango wa chumba kikubwa. Wote!"

"Nifungue tena? Inspekta, mimi najua kulinda baridi, sijui kuifukuza!"

"Fungua, mama. Dakika chache tu."

Mlango ulisikika ukiburuzwa. Inspekta alirudi, akaiweka simu ya Fundi, ndani ya nailoni yake, juu ya Bibi. Feni zilivuma. Mtaalamu alikuwa ameinamisha kichwa. Meneja alikaa mikono mapajani, kama alivyoambiwa. Kwenye simu ya Inspekta ilisikika pumzi ya Fundi, na hata dada yake alikuwa amenyamaza.

Simu iliyo ndani ya nailoni ikatetemeka, ikawaka, ikalia. Hakuna aliyeigusa. Meneja alisoma maneno kwa sauti, herufi zikimtoka taratibu: joto linapanda, chumba kikubwa.

Upande wa pili Fundi aliusikia mlio wa simu yake.

"Mwambieni Mama Barafu afunge mlango."